Kadi Iliyofunikwa Khanga ya Bibi

Niliota usiku wa jana kwamba nimekwenda kuposa kadi ya grafiksi, na ukoo wake ulikuwa umenichukia tangu getini.

Nieleze kwanza nililala na nini kichwani. Mimi ni Gwamaka, nahariri video za harusi na za send-off, sherehe za kumuaga bi harusi, hapa Mwanjelwa, Mbeya. Jumamosi hii ni ibada ya shukrani ya Bibi Tusekile, siku ya arobaini tangu tumzike. Mjukuu wake, Subilaga, ameniomba kitu kimoja tu: zile dakika nne ambazo Bibi alicheza kwenye send-off ya Subilaga mwenyewe. Hakuna video nyingine ya Bibi duniani. Sasa kila nikiicheza, ikifika dakika ya pili Bibi ananyanyua mkono, khanga yenye michoro ya korosho mabegani, na kompyuta inaganda. Kadi inayochora picha ndani yake imechoka. Mchana nilikwenda dukani kwa Sanga na laki tatu zangu, akanionyesha kadi tatu, nikarudi mikono mitupu kwa kushindwa kuamua. Na nikiri hapa hapa: nilitaka pia kadi itakayonichezesha mpira wa kwenye kompyuta vizuri jioni, yenye mataa. Hilo Subilaga sikumwambia.

Basi kwenye ndoto tumekaa sebuleni kwao. Sebule ni duka la Sanga, ila kaunta imekuwa kochi. Mshenga wangu ni pawa saplai, lile boksi la umeme la kompyuta yangu. Amevaa koti lililombana na kila akivuta pumzi feni yake inakwaruza.

Shangazi wa ukoo ni printa mnene. Anatangaza utaratibu: mabinti watatu watatoka wamefunikwa khanga, nimchague mmoja bila kumfunua. Nikikosea, yule pale atabaki hivyo hivyo.

Nikageuka. Ukutani kuna skrini yangu, na ndani yake Bibi Tusekile kasimama, mkono juu. Ameganda mwili mzima isipokuwa macho na mdomo.

"Mkono unaniuma, mjukuu wangu," anasema. "Chagua niushushe."

Nikamwambia sitachelewa, na nikaona aibu, maana nilimwambia hivyo hivyo Subilaga wiki tatu zilizopita.

Anatoka wa kwanza. Khanga yake inapitisha mwanga wa kila rangi. Nahesabu vinundu chini ya kitambaa: feni tatu. Sisi wa Mwanjelwa tukishahesabu feni tatu hatuulizi tena, tunatoa hela. Nimeshafungua mdomo, mshenga ananifinya paja na kunong'ona niulize vyumba.

"Vinne," kadi inajibu kwa sauti tamu.

"Gigabaiti nne za kumbukumbu," shangazi anaandika. "Wageni waingie, tuone."

Send-off nzima ikamwagika kutoka kwenye skrini. Wakapita kamati ya maandalizi na vitenge vyao vya sare, MC na maiki yake, kisha vijana wanne wamebeba ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma mwenye majani mdomoni. Mbuzi akanisalimia, akauliza chumba chake ni kipi. Akapewa kimoja peke yake. Vitatu vilivyobaki vikajaa mpaka milango ikafungwa kwa kusukumwa na magoti. Aliyebaki ukutani, nje ya vyumba vyote, ni Bibi. Alinitazama tu, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Anaingia wa pili. Anaingia, anaingia, na bado mkia wake uko nje barabarani. Ananuka rangi mbichi, yaani amefanyishwa kazi usiku na mchana mahali fulani kisha akapakwa upya. Haniulizi jina. Anamuuliza mshenga wangu atamlisha nini.

Mshenga anasema kwa unyenyekevu kwamba ana wati mia nne, na kati ya hizo nyingine amezeeka nazo.

Binti akacheka, taa za mtaa zikafifia. Akamng'ata mshenga begani. Koti likaanza kutoa moshi, na hapo sebule si sebule tena, ni ndani ya kompyuta yangu, kuta za bati zinasogea, na mimi nimechuchumaa kwenye vumbi la miaka minne nikimpepea mzee wa watu. Binti anazidi kusukuma. Mbavu zangu zinagusa bati.

"Huyu hapana," nikasema kwa shida. Bati likarudi nyuma.

Wa tatu ni mfupi. Khanga yake imepauka, haina mwanga wowote chini yake, na kati ya feni zake mbili moja inakohoa.

"Nimetumika," anasema kabla sijauliza. "Miaka mitano kwenye studio Iringa. Vyumba vinane. Nakula kilichopo."

Mshenga akatikisa kichwa kukubali, huku akijizima moshi.

Sijui nini kilinituma. Nikauliza, "Na mpira?"

"Utacheza. Ila nyasi hazitakuwa na umande."

Niseme ukweli, nilifikiria ule umande. Nilifikiria na yale mataa ya wa kwanza, jinsi wateja wangeyaona wakiingia studio. Shangazi akaanza kuhesabu: moja. Mbili. Ulimi wangu umekwenda kwa wa kwanza, nausikia kabisa ukijiandaa. Nikamtazama Bibi. Ameuma mdomo kama mtu aliyebeba ndoo ya maji muda mrefu.

"Huyu wa Iringa," nikasema.

"Kwa nini?" shangazi akauliza.

"Kwa sababu Bibi ataenea."

Mkono ukashuka. Bibi Tusekile akateremka ukutani taratibu, akashika kiuno kwanza, kisha akavua khanga yake ya korosho na kumfunika nayo yule binti aliyepauka. Akawageukia wote.

"Huyu ameshachumbiwa," akasema.

Nikaamka. Nilikuwa nimelalia kibodi, jua limeshaingia dirishani. Bila hata kunawa uso nikampigia Sanga, nikaulizia ile kadi ya zamani isiyo na taa.

"Ipo, kaka," akasema. "Kuna jamaa yuko hapa anaitaka, nataka kumfungia. Ila nimeikuta kabatini imefunikwa khanga ya korosho. Ya kwako?"

Nikainua macho. Video bado imeganda dakika ya pili. Bibi kasimama pale pale, mkono umeshuka, mabega wazi.

"Ya Bibi," nikasema. "Mwambie huyo jamaa, hiyo kadi imeshachumbiwa."