Pamba Kwenye Kopo

Mama Sabuni hakuzaliwa kuuza sabuni. Alikuwa mhudumu wa kujitolea wa kliniki, kazi yake kuwatembelea majumbani wanawake wanaoishi na virusi, hasa wale walioanza kulegalega na dawa. Lakini huwezi kupiga hodi nyumbani kwa watu ukasema umekuja kwa habari ya virusi, kwa hiyo alibeba sabuni. Baada ya miaka tisa alikuwa akiuza vizuri kiasi kwamba wenye maduka mtaani walimnunia. Yeye mwenyewe alikuwa navyo hivyo virusi, tangu zamani. Binti yake, aliyekuwa akisomea ualimu na kuishi naye, alijua mama anauza sabuni, basi.

Kila mwanamke mpya, Mama Sabuni alimfundisha mambo mawili. La kwanza, jaza pamba kwenye kopo la dawa ili vidonge visicheze, maana kopo likilia ndani ya mkoba, kila mwenye masikio anakuwa daktari. La pili, dawa ina saa yake, saa moja ni saa moja. Hili la pili alilisema kwa sauti ya mwalimu mkuu, na wanawake walilishika.

Mmoja alilishika kupita kiasi. Alikuwa mke wa seremala, mimba ya miezi saba, akikaa kwa mama mkwe wake wakati mume yuko kwenye ujenzi mji mwingine. Mume aliijua hali yake na hakumkimbia. Neno lake lilikuwa moja tu, mama asijue. Sasa vipimo vya mke vilirudi vibaya. Virusi vilikuwa vimepanda, na nesi hakuyapamba maneno: "Huyu asipomeza sawasawa, mtoto anaweza kuzaliwa navyo."

Jumatatu Mama Sabuni akaenda. Mama mkwe alikuwa kibarazani akichambua maharage.

"Sabuni yako ya juzi imeisha utadhani ilikuwa inajiogesha yenyewe," alisema.

"Mama yangu, sabuni isiyoisha ni jiwe."

"Ngoja nikuletee ujionee." Akaingia ndani kukitafuta kipande kilichobaki, na hapo ndipo yule mke wa seremala alipopata nafasi ya kunong'ona.

"Kila asubuhi saa moja kamili ananituma bombani. Nikirudi ni saa mbili. Saa imeshapita, basi naacha mpaka kesho."

"Unaacha?"

"Si ulisema mwenyewe, mama? Saa moja ni saa moja."

Mama Sabuni alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa ameisema kauli ile kwa mamia ya wanawake, na hakuna siku aliyojiuliza wanaielewaje. "Ukichelewa unameza pale pale unapokumbuka," alisema haraka. "Na kuanzia kesho saa yako ni saa mbili, ukishatoka bombani. Umenisikia?"

Mama mkwe alirudi na kipande chembamba kama ukucha, na mazungumzo yakarudi kwenye usafi.

Alhamisi, mhudumu mwenzake wa kliniki ya ng'ambo ya mji aliumwa jino, Mama Sabuni akaenda kumshikia zamu. Wanawake hupenda kliniki ya mbali, ambako hakuna anayemjua mtu. Kwenye benchi walikuwa kumi na mmoja, na wa mwisho, mtandio umeshuka mpaka puani, alikuwa mama mkwe.

"Umenifuata mpaka huku na masabuni yako?"

"Leo sikuja na sabuni, mama."

Mama mkwe akaitazama beji iliyoning'inia shingoni mwa Mama Sabuni. Akashusha pumzi. "Haya, umeshaniona. Mwaka wa kumi na mbili huu nameza. Mwanangu hajui, na mkwe ndiyo kabisa asijue. Akijua atanitengea kikombe. Kila asubuhi namfukuza bombani nipate kumeza kwa amani, na lile tumbo lake! Namwonea, najua. Lakini nifanyeje?"

Huruma ya Mama Sabuni iliitangulia akili. "Mpumzishe mtoto wa watu, mama. Saa mbili si anakuwa uani, anafua?"

"Anafua."

"Basi hamia saa mbili."

Ni jioni, alipofungua daftari lake, ndipo alipoona alichokifanya. Watu wawili, nyumba moja, saa ile ile aliyoipanga kwa mdomo wake mwenyewe. Na maji ya kunywa katika nyumba ile yalikaa mahali pamoja tu, kwenye ndoo ya jikoni. Hakuweza kumwonya mmoja bila kuitoa siri ya mwingine, na siri za watu alikuwa amezilia kiapo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hii ilikuwa imefungwa mdomo. Aliogopa. Msichana akifukuzwa pale na tumbo lile, dawa zitamfuata wapi, na mtoto je?

Jumatatu aliwakuta wote wawili kibarazani, mkeka mmoja, ungo mmoja wa maharage.

"Kaa," alisema mama mkwe. Akakaa. "Ijumaa saa mbili nimeingia jikoni kuchota maji. Na huyu naye kaingia. Mimi nimefumba mkono, yeye kafumba mkono. Nikamwambia, fungua. Unajua alinijibu nini? Samahani mama, fungua wewe kwanza. Hana adabu hata kidogo."

Mkwe aliinama kwenye maharage, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Mkafungua?"

"Tukafungua. Tukalia kidogo."

"Halafu?"

"Halafu nini tena? Kikombe kilikuwa kimoja. Tukapokezana."

Mama Sabuni alijifanya anapanga sabuni zake, macho yamejaa machozi. Mama mkwe akamsukumia furushi dogo la pamba. "Hii rudi nayo, sisi hatuna kazi nayo. Huyu anasema wewe ndiye uliyemfundisha. Wewe ulifundishwa na nani?"

"Nilijifundisha."

"Kumbe. Na kopo lako bado lina pamba?"

"Linayo."

"Yule binti yako unayemsifia kila siku, anasemaje?"

"Anajua nauza sabuni."

"Mganga hajigangi," alisema mama mkwe, na kurudi kwenye maharage yake.

Nyumbani, binti alikuwa jikoni akikaanga vitunguu. Mama Sabuni alitoa kopo lake chini ya pakiti za sabuni, akaing'oa pamba yote kwa kidole. Akalitikisa. Likalia.

"Nini hicho, mama?"

"Zima jiko," alisema, "uje ukae."