Gauni Jeusi la Mama Yake Nesi

Wateja wangu wote wanataka ukweli, ilimradi uwe wa rangi wanayoitaka wao. Kazi yangu ni kutia rangi picha za zamani za nyeusi na nyeupe, na kuna aliyeniomba nimpe babu yake macho ya kijani. Nikamuuliza kama alikuwa nayo. Akasema hapana, lakini yangempendeza.

Kwa hiyo Nesi alipoingia studio na picha ya harusi ya wazazi wake, nilijiandaa kubishana. Amestaafu siku nyingi, ila bado anaongea na mtu kana kwamba anamtafutia mshipa.

"Suti ya baba kahawia," alisema. "Gauni la mama jeusi. Liwe jeusi kweli, usinififishie."

"Bibi harusi kavaa nyeusi?"

"Hakumtaka baba. Alivaa nyeusi ili kila mtu ajue. Si unaona na uso wake?"

Niliuona. Mama amekaza uso, na kando yake msichana wa gauni jeupe kanuna zaidi yake. Huyo ni shangazi, dada wa baba, aliyemlea Nesi baada ya mama kufariki Nesi akiwa mchanga. Hadithi ya gauni ilitoka kwake.

"Nimekua nikijua nilizaliwa na mtu aliyelazimishwa," Nesi alisema, kwa sauti ya kusoma joto la mgonjwa. "Nimeshazoea. Nataka tu picha iseme hivyo."

Nilianza kwa kusafisha: mikwaruzo, vumbi, alama ya ukungu kwenye bega la shangazi. Nikafika kwenye pazia la nyuma yao, nikakwama. Picha ilipigwa hapahapa studio na mwanzilishi wake, tuliyemwita Tabasamu kwa sababu hakumruhusu mteja yeyote atabasamu. Alidai meno yanaharibu picha. Pazia lake tunalo hadi leo, linafunika jenereta. Kwenye picha ni jeusi tii. Nikaenda nyuma, nikakunjua upindo ambao jua halijaufikia. Jekundu.

Filamu za enzi zile zilikuwa haziuoni wekundu. Zikikutana nao zinautoa weusi, basi. Nililijua hilo tangu nijifunze kazi, nikalisahau kwa sababu mteja aliongea kwa uhakika. Lakini kitu cheusi nacho hutoka cheusi, kwa hiyo pazia halikunithibitishia chochote kuhusu gauni. Nikampigia Nesi, nikamweleza.

"Wewe ulikuwepo?" aliuliza.

"Hapana."

"Shangazi alikuwepo. Paka nyeusi."

Nikapaka nyeusi. Roho iliniuma, nikapaka vizuri kwa hasira.

Walikuja kuichukua pamoja. Shangazi aliingia na mkongojo wake, akakaa kwenye kiti changu bila kuulizwa, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kompyuta.

"Mwanangu, Mungu akubariki," alisema. "Umelitoa lile doa."

"Doa gani, bibi?"

"La begani. Mvua ilitunyeshea mimi na bibi harusi tukija huku, tukakumbatiana chini ya mwavuli mmoja. Gauni lake likachuja, likaniharibia langu jipya. Bega zima jekundu! Nililia njia nzima."

Shangazi alilitazama gauni jeusi, akalitazama bega lake, akarudi kwenye gauni.

"Lakini lilikuwa jeusi," alisema, sasa kama mtu anayeuliza. "Picha hii iko ukutani kwangu miaka yote. Naiona kila nikiamka."

Nikamletea pazia, nikamweleza habari ya filamu. Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani, maana hapakuwa na mwongo. Bibi huyu aliitazama picha mpaka ikamfutia siku yenyewe.

Nesi alikuwa bado amesimama. "Na uso, shangazi? Ule uso aliokaza?"

Shangazi alikuwa anapapasa upindo wa pazia.

"Alikuwa anacheka," alisema polepole. "Alianza mlangoni, kwa vile tulivyolowa. Mpiga picha akamkemea. Akanyamaza, akatazamana na baba yako, wakaanza tena wote wawili. Nusura tufukuzwe. Aliyenuna siku ile ni mimi."

Nesi akakaa chini. Sauti ilipomtoka haikuwa ile ya hospitali.

"Paka nyekundu," aliniambia.

"Nyekundu ipi?"

Tulihangaika mpaka chai ikapoa. Kila niliyoionyesha, shangazi alisema si hiyo, ilikuwa inawaka zaidi. Tulipoipata, alisema "hiyo," akafunika macho kwa kiganja.

"Na doa lirudishe," Nesi alisema.

"Doa la nini tena?" Shangazi alishtuka. "Gauni langu jipya lile!"

"Lirudi. Ndilo shahidi wangu."

Shangazi akanuna, uso uleule wa kwenye picha, na Nesi akaanza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi nimletee maji. Tabasamu angemfukuza.