Hapana, Pita Wewe

Ishbel Geddes alikuwa amebakiza mlima mmoja tu. Ile milima mikubwa ya Uskochi, yote inayopita futi elfu tatu, alikuwa ameipanda Jumamosi kwa Jumamosi tangu ujana wake, akiimaliza mmoja mmoja kama mtu alaye hindi punje kwa punje. Ulibaki Beinn Chaol. Na nyonga yake ya kulia ilikuwa imechoka. Jumatano ijayo daktari angeitoa na kumwekea ya chuma, na alishamwambia bila kumung'unya maneno: "Baada ya hapo, mama, ni bustani na kanisa. Milima basi."

Kwa hiyo ilikuwa leo au basi tena.

"Bwana," aliomba asubuhi akifunga kamba za buti, "habari za nyonga nimewaachia daktari na wewe. Mimi naomba nifike tu."

Walikuwa watatu: yeye, rafiki yake Senga ambaye mdomo wake haukupumzika hata kwenye baridi, na Farquhar Rennie, mzee wa kanisa lao, mtu mwema aliyezipenda kanuni kama wengine wanavyopenda asali. Walipanda vizuri. Theluji ilikuwa ngumu, meno ya chuma chini ya buti yaliuma barabara. Ukungu uliwashukia walipofika mgongoni pa mlima, na mgongo wenyewe ukazidi kuwa mwembamba, hata mahali unapobonyea kama tandiko la farasi ikawabidi kuketi, mguu huku mguu kule, wakisogea kwa makalio. Kushoto palikuwa na ukungu. Kulia palikuwa na ukungu pia, lakini wa kwenda mbali zaidi.

Hapo katikati ya tandiko, pua ya Farquhar ikakaribia kugusana na pua nyingine.

"Habari za mchana," ikasema ile pua nyingine. Ilikuwa ya Torquil Baird, kiongozi wa kikundi cha watu wanne kutoka mji wa Dundee waliokuwa wamepanda kwa upande wa pili. Nao walikuwa wamekaa kama waliopanda punda.

"Nzuri. Pita tu, bwana," alisema Farquhar.

"Hapana, pita wewe."

Sasa, kila mpanda mlima wa huko hufundishwa neno hili kabla ya mengine yote: anayeshuka humpisha anayepanda. Lakini kila upande ulikuwa umetoka kushuka, na kila upande ulikuwa karibu kuanza kupanda. Farquhar alijiona kuwa ni mshukaji. Torquil naye alijiona vivyo hivyo. Na hakuna aliyetaka kuonekana amelelewa vibaya.

"Sisi tumeshuka, kwa hiyo tunawapisha," alisema Farquhar.

"Na sisi tumeshuka zaidi," alisema Torquil. "Kwetu ni kurefu."

"Jamani," alisema Senga kutoka nyuma, "mnashindana nani kaanguka zaidi?"

Ishbel alitazama saa, kisha akatazama mwanga. Siku za Januari huko ni fupi kama sala ya mtoto mwenye njaa. Kilele kilikuwa nyuma ya migongo ya wale wanne, si mbali, na kutoka kileleni njia ya kushukia ni pana, hata ng'ombe angeifuata. Lakini kiza kikiwakuta hapa kwenye tandiko, itabidi warudi kwa makalio walikotoka, na huo ndio ungekuwa mwisho wa habari.

"Farquhar," alisema, "tafadhali, tufanye haraka."

"Haraka haraka haina baraka, dada Ishbel."

"Na giza je, lina baraka?" aliuliza Senga.

Farquhar alifikiri. Kisha akakohoa kama anavyokohoa kwenye vikao vya kanisa. "Napendekeza tufanye kikao."

"Naunga mkono," alisema Torquil papo hapo, kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu.

Basi wakafanya kikao. Torquil alichaguliwa mwenyekiti. Alikataa, akabembelezwa, akakubali. Chai ilipitishwa, na biskuti za shayiri na jibini. Mtu mmoja mnene aliyeketi nyuma ya Torquil, fundi bomba aitwaye Rab, aliuliza kama kikao kinaruhusu kuvuta sigara. Jambo hilo nalo likajadiliwa. Mwishowe wakapiga kura, na kwa sababu kila mmoja alikuwa na adabu, kila upande uliupigia upande mwingine. Wanne dhidi ya watatu: watu wa Ishbel wameshinda, wapite kwanza.

Torquil akafunga kikao.

"Wapite wapi?" aliuliza Rab.

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo.

"Rudini nyuma kidogo hadi penye upana," alisema Senga.

Torquil alitikisa kichwa kwa huzuni. "Tukirudi nyuma tutakuwa tunapanda. Na anayepanda hupishwa. Maana yake nyinyi ndio mtakuwa mmetupisha, na kura imesema vingine."

"Ni kweli kabisa," alisema Farquhar.

"Bwana Yesu," alisema Senga, na kwa mara ya kwanza mzee wa kanisa hakumkemea, labda akidhani ni maombi.

Ishbel ndiye aliyekuwa akiomba. Alifumba macho. Alitaka kuomba ukungu uondoke, au watu wale wapate akili, lakini midomo yake ikatamka kingine: "Bwana, niondolee aibu."

Akafumbua macho, akamwekea Farquhar mikono mabegani.

"Samahani. Nakuja."

"Unakuja wapi?"

"Juu yako."

Watu wa kule hawakumbatiani. Kwenye msiba hupeana mkono, na kwenye harusi hutikisa kichwa kwa mbali. Farquhar aliganda. Ishbel alipanda, akazunguka, akaketi kwenye mapaja yake kama mtoto, akashika mwamba mbele, akavuka. Kisha akamfikia Torquil, uso kwa uso, akamkumbatia shingoni.

"Leo kuna baridi kiasi," alisema Torquil akitazama angani.

"Kiasi," alisema Ishbel. "Wanasema kesho kutakuwa na jua."

"Itapendeza."

Akavuka. Rab alikuwa amekwisha kufungua mikono. "Njoo, mama, usiogope, nimebeba matangi ya maji mazito kuliko wewe." Alimkumbatia kwelikweli, kumbatio la mtu mzima, lenye harufu ya tumbaku na vitunguu, na nyonga ikasahau kuuma kwa kitambo. Wa tatu alikuwa mwanamke, daktari wa meno. Aliomba radhi kwa sababu ya mkoba wake. Wa nne alikuwa amesinzia. Alizinduka akakuta bibi asiyemjua yuko mapajani pake.

"Tumefika?"

"Wewe bado," alisema Ishbel. "Mimi nakaribia."

"Dada Ishbel!" ilisikika sauti ya Farquhar. "Kura haikusema hivyo!"

Ishbel alisogea, akapata penye upana, akasimama. Alipanda polepole, shoka la barafu mkono mmoja, mkono mwingine ukishika nyonga, akimwita Mungu kila hatua. Kileleni theluji ilikuwa imefunika rundo la mawe ambalo kila afikaye huligusa. Alichimba kwa shoka, kisha kwa vidole, mpaka akalipata jiwe moja la juu, jeusi, na akaweka kiganja.

Basi. Milima yote.

Ukungu ukapasuka. Akaona tandiko lote, na watu juu yake wadogo kama shanga uzini. Senga alikuwa ameshavuka hadi kwa daktari wa meno, wakicheka. Farquhar Rennie, mzee wa kanisa, alikuwa kwenye mapaja ya fundi bomba, mikono yote miwili shingoni, wala hakuonyesha dalili ya kuendelea. Rab alikuwa akimpigapiga mgongoni.

Ishbel alipiga magoti, mkono bado juu ya jiwe, aseme sala ya shukrani. Aliianza, kicheko kikamkata. Akaianza upya. Hata mara ya tatu hakufika kwenye Amina.