Wimbo wa Kumwingiza Mama Mkwe

Usiku wa jana, shuka likiwa limenikaba shingoni, niliota nimepata kazi ya kupiga ngoma katika bendi ya kipindi cha mazungumzo cha televisheni, kile kinachoanza watu wenye akili wakishalala. Sijawahi kupiga ngoma maishani. Lakini mimi kazi sikatai. Nimeshauza barafu msimu wa mvua, nikafukuzwa na wateja wenyewe.

Mwendesha kipindi alikuwa pangaboi la kusimama, kavaa tai. Hodari kweli. Akikuuliza swali anakugeukia, ukianza kujibu ameshageukia upande wa pili.

"Kazi ya bendi ni ndogo," Bwana Pangaboi akaniambia huku akinipuliza. "Mgeni haingii bila muziki. Hatoki bila muziki. Na mimi nikitania, watu hawacheki mpaka upige ngoma."

"Nikichelewa?"

"Watabaki hivyo hivyo."

Nilidhani ananitisha tu. Akatoa kichekesho chake cha kwanza, mimi najikuna mgongo. Ukumbi mzima ukabaki midomo wazi, meno nje, kimya. Nzi akaingia kinywani mwa mzee wa safu ya mbele, akazunguka humo, akatoka. Nikapiga ngoma. Wakacheka wote, na mzee yule akacheka kuliko wenzake.

"Usinipige hapo katikati," ikasema ngoma kubwa. "Bado sijanywa chai."

"Samahani. Nikupige wapi?"

"Mpige huyo mdogo wangu. Yeye ameshakunywa."

Sasa tuko hewani. Bwana Pangaboi anatangaza mgeni wa leo. Mpiga gitaa wetu, Mapunda, ananikonyeza, tunaanza. Pazia linafunguka, na anayeingia kwa madaha, kanga zake mbili, pochi kwapani, ni Bi Siwatu. Mama mkwe wangu.

Nikasimama kwa adabu. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kumbe kazi umepata? Mkeo hakunambia."

"Ndiyo naanza leo, mama."

"Si haba. Naona wamekuweka nyuma kabisa, usionekane."

Akakaa kwenye kochi. Bwana Pangaboi akamuuliza siri ya maandazi yake, akageuka. Bi Siwatu akaieleza tai. Kisha akashika pochi.

"Basi inatosha. Nimeacha unga unaumuka kule Makorora, maandazi ya arusi ya watu. Haya mkwe wangu, nitoe."

Nikamgeukia Mapunda. "Tupige wa kutoa."

"Wa kutoa upi?"

"Wimbo wa kumtoa mgeni!"

"Huo hatuna. Mazoezini tuliingiza tu. Tulisema wageni ni watu wazima, watajitoa."

Bi Siwatu anajaribu kuinuka. Kochi linainuka naye. Na mimi jasho linanitoka, maana arusi ile ikikosa maandazi kwa sababu yangu, nyumbani sina tena pa kulala.

"Pigeni huo huo," akasema Bwana Pangaboi.

Tukapiga. Pazia likafunguka, akaingia Bi Siwatu. Mwingine. Kanga zilezile, pochi ileile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

Wa kwanza akamsogezea nafasi. Mapunda akasema labda tuliupiga polepole mno. Tukaupiga mbio. Akaingia wa tatu, anahema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mnanikimbiza hivi, kuna msiba?"

Nina mama wakwe watatu kwenye kochi moja, wote wananitazama mimi. Simu zao zikalia kwa pamoja. Wa kwanza akapokea, akasikiliza.

"Ni unga," akasema. "Umefika mlangoni, unauliza ufunguo uko wapi."

Wa tatu akapiga makofi. "Hebu nyinyi! Kwenu mgeni anatolewa nyumbani watu wamekaa kitako? Mgeni anasindikizwa!"

Bendi nzima tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amefikiria kusimama. Nikajifunga ngoma kifuani.

"Tunatembea?" ikauliza.

"Wewe unabebwa. Nyamaza."

Kochi likawaachia. Tunafungua mlango wa studio, nje ni Makorora na jua la saa saba mchana. Tunawasindikiza, tunawabebea pochi, mpaka kizingitini kwa Bi Siwatu. Pale Mapunda akanikonyeza. Tukapiga wimbo wetu ule ule mmoja, na wote watatu wakaingia ndani kwa madaha. Unga ulipowaona ukanywea.

Nikaaga. Bi Siwatu wa kwanza akatoka tena, anajitanda kanga.

"Hurudi peke yako, mwanangu. Nakusindikiza."

Akanifikisha kwangu. Sasa nitamwacha vipi mama mkwe arudi peke yake? Nikamsindikiza kwake. Naye akasema haniachi hivi hivi, akanisindikiza kwangu. Nami nikamsindikiza kwake. Tuliendelea hivyo mpaka ngoma ikasema, "Mimi nibwageni hapa," na hapo nikashtuka usingizini.

Mke wangu, Riziki, amesimama kando ya kitanda, simu mkononi.

"Baba Shamte, amka. Mama kapiga."

"Anasemaje?"

"Anauliza kama ulifika salama." Akaiweka tena simu sikioni, akakunja uso. "Halafu kuna wengine wawili huko nyuma wanakusalimia. Wote wana sauti yake."

Nikavuta shuka mpaka puani.

"Waambie shikamoo," nikasema. "Mmoja mmoja."