Makaribisho ya Cutlers Bend

Maji yalikatwa siku walipobomoa nyumba ya jirani, na hakuna aliyekuja kuyarudisha. Ndiyo maana asubuhi ile ya Julai, katikati ya majira ya baridi ya nchi ile, Elvie Tarrant alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi zenye barafu nyuma ya uwanja wa mpira, akikinga ndoo chini ya bomba la kunyweshea majani. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi hata hakuhisi mpini. Binti yake Noelene alikuwa na zamu ya mashine siku hiyo. Figo zake zilikwisha kuacha kazi miaka kadhaa nyuma. Mara tatu kwa wiki alivuka daraja kwa miguu mpaka hospitali, akasafishwa damu, akarudi rangi ya majivu, akalala. Manesi walisisitiza afike akiwa ameoga, pale penye mshipa wa mkononi wanapochoma sindano pasije pakaingia uchafu. Kwa hiyo Elvie alichota, akapumzika, akachota tena.

Aliporudi nyumbani alimkuta msichana wa halmashauri ya jiji amesimama kibarazani, viatu vyake vimejaa tope.

“Habari za asubuhi, Shangazi Elvie. Mimi Tamsin, wa idara ya utamaduni.”

Shangazi ndivyo watu wa mtoni, wenyeji wa asili wa pale, wanavyomwita mama yeyote mzee wanayemheshimu. Tamsin alilitamka neno hilo kwa uangalifu, kama kitu alichofundishwa kwenye semina.

Elvie alidhani amekuja kwa ajili ya maji. Tamsin akasema maji yalikuwa ya idara ya majengo, ila angewafikishia. Kilichomleta ni sherehe. Kitongoji cha Cutlers Bend kilikuwa kinatimiza miaka mia na hamsini, na jiji lilitaka mzee wa watu wa mtoni afungue shughuli kwa kuwakaribisha wageni katika ardhi ya wazee wake, kama ilivyo ada ya nchi ile kabla ya shughuli yoyote kubwa.

“Wewe ndiye wa mwisho uliyebaki hapa hapa Bend,” alisema, kisha akaonekana kutamani kuyameza maneno yake.

“Nabaki mpaka lini?”

Tamsin aliligeukia tingatinga lililoegeshwa juu ya kifusi cha nyumba ya pili. “Hilo nalo ni la idara ya majengo, Shangazi.”

Elvie alizaliwa hatua chache kutoka pale, kwenye kibanda cha magunia na madebe ya mafuta ya taa yaliyopondwa yakawa bapa. Wakati huo Cutlers Bend ilikuwa na halmashauri yake ndogo, yenye ukumbi wa matofali mekundu na bendi ya tarumbeta. Mgeni mkubwa kutoka Uingereza alipotarajiwa kupita barabara ya juu, halmashauri ile ikaona vibanda vya mtoni vitamkera macho. Vikatiwa moto mchana kweupe. Mama yake alitoka na birika mkono mmoja na Elvie, msichana mdogo, mkono wa pili, basi. Baadaye walijengewa safu ya nyumba za saruji pembeni mwa jaa la taka, mahali ambapo hakuna mwingine angekubali kulala, wakaambiwa washukuru. Walishukuru. Miaka ikapita, taka zikafukiwa, halmashauri ndogo ikamezwa na Jiji la Port Arden, na watu wenye pesa wakagundua kwamba upande ule wa mto jua huzama vizuri. Safu ya nyumba za saruji ikaitwa mali isiyo na tija. Waliokuwamo wakaanza kuhamishwa mmoja mmoja, na kila aliyeondoka nyumba yake ilivunjwa nyuma yake asije akabadili mawazo.

Elvie na Noelene walikuwa wametengewa nyumba Wirrabel, mji wa bara, zaidi ya saa mbili kwa treni. Wirrabel hakukuwa na mashine ya figo.

Alimwambia Tamsin kwamba atakaribisha wageni, lakini kwanza aonane na meya.

Meya Grant Pellew alimpokea ofisini kwake mwenyewe, akamvutia kiti, akammiminia chai. Ukutani zilitundikwa picha za wakuu wote wa ile halmashauri ya zamani ya Bend, kila mmoja na mkufu wake wa dhahabu kifuani. Mmoja wao, mwenye mashavu manene, Elvie alimtambua. Ndiye aliyesimama barabarani siku ile, kofia mkononi, akiangalia magunia yakiungua kama mtu anayengoja chakula kiive.

Alikunywa chai. Alieleza habari za Noelene, za mashine, za treni. Alisema jiji lina vyumba nyuma ya hospitali, na viwili vimefungwa tangu kiangazi, kila mtu wa Bend anajua.

“Shangazi, na mimi nina mama mzazi,” alisema meya. “Naelewa kabisa.”

“Sitaki uelewe. Nataka ufunguo.”

Meya alicheka, si kwa dharau. Alicheka kama mtu anayempenda. Akasogeza kiti karibu. “Sikiliza. Tuifanye shughuli yetu vizuri, sote tuwe kitu kimoja. Madiwani wakikuona pale jukwaani, na magazeti yakiwepo, mimi nitakuwa na pa kuanzia.”

“Hiyo ni ahadi?”

“Ni neno langu.”

Noelene aliposikia alikuwa amejilaza kwenye kochi, mkono wenye bandeji juu ya tumbo. “Kwa hiyo wanatutoa jikoni, wewe unaenda kuwakaribisha sebuleni.”

“Naenda kukutafutia chumba.”

“Mimi sijakutuma, Mama.”

“Hujanituma. Lala.”

Siku ya sherehe walikuja watu wengi, wengine na mbwa, wengine na watoto mabegani. Elvie alipanda jukwaani na koti lake la buluu. Alianza kwa lugha ya mama yake, maneno machache aliyobaki nayo, kwa maana mengine yalimtoka kwa viboko vya shule. Kisha akaendelea kwa Kiingereza. Alikuwa amelala na maneno mengine kifuani: kwamba waliposimama palikuwa pakinuka taka, kwamba kabla ya taka palikuwa na majivu, na kabla ya majivu watu. Yalifika kooni. Akamwona meya safu ya mbele akimwitikia kwa kichwa taratibu, kwa upole, na nyuma ya kichwa kile akaona chumba chenye dirisha, na Noelene akivuka barabara moja tu kufika kwenye mashine.

“Karibuni,” alisema. “Tembeeni salama katika ardhi yetu.”

Walipiga makofi. Tamsin alikuwa akilia. Elvie alishuka ngazi mdomo mchungu kama aliyelamba betri.

Kikao cha madiwani alihudhuria mwenyewe, akakaa viti vya wananchi pamoja na mzee mmoja aliyekuja kulalamikia miti. Alingoja jambo lake lisomwe, halikusomwa. Uhamisho wao wa Wirrabel uliunganishwa na mengine, mapipa ya taka na taa za barabarani, ukapitishwa fungu zima kama ulivyopangwa. Mikono ikapanda, mikono ikashuka. Alipoinuka kuuliza, mwenyekiti wa muda akamweleza kwa adabu kwamba wananchi huruhusiwa kusema kabla ya kura, si baada ya kura. Kiti cha meya kilikuwa kitupu. Pellew alikuwa ametoka nje muda mfupi kabla, kwa kuwa shemeji yake alikuwa mkubwa katika kampuni iliyonunua ardhi ya Bend.

Elvie alimngoja kwenye ujia.

“Sheria ndiyo iliyonifunga mdomo, Shangazi,” alisema meya. “Mtu ukiwa na ndugu kwenye jambo, huruhusiwi kulijadili. Ni suala la uadilifu.”

“Ulilijua hilo uliponipa neno lako?”

Meya alimgusa kiwiko. Alisema meya ana kura moja tu, kama diwani mwingine yeyote, na kwamba alichofanya Elvie siku ile jukwaani kilimgusa kila mtu. Kisha akaitwa na mtu aliyekuwa mlangoni, akaenda.

Walihamishwa majira ya kuchipua. Nyumba ya Wirrabel ilikuwa safi, na maji ya moto yalikuwapo tele. Elvie alifungua bomba siku ya kwanza akasimama akiliangalia bila kuweka kitu chini yake. Siku za mashine Noelene aliamka kungali giza, akapanda treni, akarudi jioni akiwa hawezi kuvua viatu. Elvie alimvua. Alipiga simu jijini kuomba gari la wagonjwa wa figo, lile linalozunguka vitongojini. Akajibiwa kwamba gari lile ni la wakazi wa jiji, na wao hawakuwa tena wakazi wa jiji. Aliiomba halmashauri ya Wirrabel. Ikamjibu kwamba haina gari la namna hiyo, kwa kuwa haina mashine ya kuwapeleka watu.

Baridi ilipoanza tena Noelene alikuwa amepungua mpaka pete zilimtoka zenyewe. Halafu reli ikafungwa kwa matengenezo. Basi la kuzibia pengo lilipita linapotaka, na mara nyingine halikupita. Zamu moja ikampita, kisha nyingine. Miguu ikavimba, uso ukavimba, macho yakawa mistari.

Ndipo Tamsin alipopiga simu. Bustani mpya ya kando ya mto ilikuwa tayari, pale pale Bend zilipokuwa nyumba za saruji, na wangefurahi sana kama Shangazi Elvie angekuja kuifungua kwa makaribisho. Asijali umbali. Jiji lingemtumia gari mpaka mlangoni.

Elvie alikubali kabla msichana hajamaliza kusema. Hospitali ilikuwa upande wa pili wa daraja tu.

Asubuhi ya siku hiyo Noelene alikuwa akihema kama mtu anayevuta hewa kupitia kitambaa kilicholowa. Elvie aliita gari la dharura. Waliomba radhi, gari la eneo hilo lilikuwa kwenye ajali ya barabara kuu, jingine lingetoka mji wa pili, awe na subira. Alikuwa bado ameshika simu aliposikia honi fupi ya heshima.

Dereva aliitwa Gurpal, mtu wa makamo mwenye kilemba cha kijivu. Alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akamwona Elvie akija amemkumbatia binti yake kiunoni, wote wawili wakiyumba. Alikimbia kumsaidia. Walipokwisha kumketisha Noelene, Gurpal alibaki ameshika mlango, uso umemshuka.

“Mama, nimeandikiwa abiria mmoja. Na mgonjwa siruhusiwi kabisa. Bima haimjui.”

“Unapita mbele ya hospitali. Mshushe hapo, basi.”

“Akinifia garini je, mama? Gari lina kifaa, wanaona kila ninaposimama. Kibali changu cha kuishi nchi hii kimefungwa kwenye kazi hii. Nina watoto.”

“Na huyu ni wa nani?”

Gurpal alimtazama Noelene, ambaye kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo na midomo yake imepata rangi ya zambarau. Aliingia, akawasha gari, akaongeza joto. Akasema wangempa ruhusa, hawakosi kumpa, ilimradi aombe. Ni dakika moja. Akapiga simu jijini. Mkono wake mwingine ulikuwa tayari juu ya gia.

Simu ilipokelewa na mashine, na sauti ya mwanamke, laini, iliyopumzika, ikajaa garini.

“Asante kwa kupiga simu Jiji la Port Arden. Tunawatambua wenyeji wa asili wa ardhi tunayoishi na kufanyia kazi, na tunatoa heshima zetu kwa wazee wao, waliotangulia na walio hai. Wahudumu wetu wote kwa sasa wanawahudumia wengine. Tafadhali subiri.”

Ukafuata muziki wa kinanda. Elvie alikuwa ameingiza kiganja chake ndani ya koti la binti yake, juu ya kifua, akiisikiliza pumzi ikipanda, ikikawia, ikishuka. Gurpal alikuwa akinong'ona jambo kwa lugha ya kwao, macho yake kwenye barabara tupu iliyonyooka mbele yao.

Muziki ukakatika. Wote wawili wakainua vichwa.

“Asante kwa kupiga simu Jiji la Port Arden,” ilisema ile sauti. “Tunawatambua wenyeji wa asili wa ardhi...”