Weupe Hutangulia Shati

Asubuhi ile Mwalimu alikuwa akifunga vifungo vya shati. Alipofika cha tatu, mkono wa kulia ukagoma. Mkewe, fundi wa cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mdomo umekwenda upande. Kilikuwa kiharusi. Walipotoka hospitali baada ya wiki tatu, mguu ulikuwa unaburuzika lakini unatembea. Ulimi ndio uliobakiwa na neno moja tu: "Basi."

Akitaka maji, basi. Akitaka mlango ufungwe, basi. Mama Pindo alijifunza kuzitambua basi hizo kwa mlio, kama anavyoitambua cherehani inayodai mafuta. Majirani walikuja kumpa pole, wakamwambia mvumilivu hula mbivu. Aliitikia, lakini nyumba ilikuwa imemlemea. Yule bwana alikuwa mtu wa kuongea hata akipiga mswaki.

Muuguzi aliyekuja kumfanyisha mazoezi ya kusema alileta picha za matunda. Mwalimu alizitazama, akageuza uso ukutani. Mtu mzima na mvi zake kuulizwa hili ni tunda gani! Muuguzi hakukasirika. Alimwuliza mama kama kuna jambo ambalo mzee alilifanya kila siku hata akawa halifikirii tena.

Hilo halikuhitaji kutafutwa. Kwa miaka thelathini na moja Mwalimu alifundisha Kiingereza, na hasa namna sentensi inavyopangwa: nani, anafanya nini, kwa kitu gani au kwa nani. Chumba cha nyuma bado kilikuwa na ubao na benchi mbili, pale alipowafundisha watoto wa jirani baada ya saa za shule.

Kasoro ilikuwa mwanafunzi. Mama Pindo aliishia darasa la nne, tena alikuwa na kidonda chake. Mwaka wa kwanza wa ndoa, walimu waliofanya kazi na mumewe walipowatembelea, alitaka kumtia mumewe fahari mbele yao. Akasema kwa Kiingereza, "She is my husband." Kwetu sisi yeye ni yeye, awe mume awe mke, angejuaje kwamba Waingereza wamewagawa, *he* wa kiume na *she* wa kike? Wageni walicheka hadi chai ikawapalia, na mumewe akacheka nao. Tangu siku hiyo hakuigusa tena lugha ile, wala hakumwambia mtu sababu.

Alikaa na wazo la muuguzi siku mbili, akiligeuza huku na huku. Siku ya tatu, mchana, aliifunika cherehani, akamshika mumewe mkono, akampeleka chumba cha nyuma na kumketisha mbele ya ubao. Kisha akachukua chaki.

"Mwalimu," alisema, "umefundisha watoto wa watu wote. Leo nifundishe mimi. Nikikosea, cheka tu, nimeshajiandaa."

Akaandika, maneno mengine akiyanakili kutoka madaftari ya zamani: *I sew shirt white.* Alikuwa ameyapanga kama tunavyopanga sisi, shati kwanza, weupe wake baadaye.

Mwalimu aliitazama sentensi ile. "Basi," akasema, lakini basi hii mkewe hakuwahi kuisikia. Aliinuka, akajikongoja hadi ubaoni, na kwa kidole cha mkono wa kushoto akagonga neno la mwisho, akalivuta hewani hadi kabla ya *shirt*. Midomo ikahangaika.

"White," akasema. Akavuta pumzi. "White... shirt."

Mama Pindo aliuegemea ukuta. Mwalimu hakuyaona machozi yake, maana alikuwa kazini. Aligonga tena, safari hii mahali patupu kabla ya neno *white*. "A," akasema kwa ukali kidogo. "A white shirt." Mwanafunzi alikuwa amesahau kidude kile ambacho Waingereza hawaachi kukitanguliza.

Basi ikawa kila mchana, wateja wakijua kwamba saa nane fundi hayupo. Mama Pindo alijifunza kwamba kwa Kiingereza mtu hajifichi ndani ya kitenzi. Lazima asimame peke yake mbele, aonekane. Mwalimu naye aliokota maneno yake moja moja, akipumzika kati ya neno na neno.

Siku moja mkewe aliandika bila kukosea: *He is my husband.* Akaweka chaki chini, akamsimulia siku ile ya wageni, yote, bila kupandisha sauti. Mwalimu alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"I," alianza. Akakwama. Akaanza upya. "I... laughed."

"Imekamilika hiyo," mkewe alisema. "Nani na tendo. Ulinifundisha jana."

Mwalimu akatikisa kichwa, alikuwa hajamaliza. "I was wrong."

Neno la mwisho Mama Pindo alilijua vizuri. Alikuwa ameliona kwa wino mwekundu kwenye madaftari ya watoto, kwa mwandiko wa mumewe huyo huyo. Alimfuta chaki iliyomwingia kwenye nyusi, wakakaa benchi moja.

Kiswahili kilichelewa. Muuguzi alisema huenda kile alichokifundisha kwa kukariri kilikuwa kimezama mahali pengine ubongoni, na kwamba wasikate tamaa. Mama Pindo alikuwa na maelezo yake ya kifundi. Kiingereza huja vipande vipande, mtu anaweza kushika kimoja kwanza. Kiswahili huja kimeshashonwa: mtu, wakati na tendo, vyote ndani ya neno moja.

Mwezi wa nne wa masomo yao, mchana wenye mvua, alikuwa amezama katika gauni la mteja, mshono wa shingo ukigoma kukaa sawa. Alisikia mguu ukiburuzika nyuma yake, ukasimama.

"Umekula?"

Mguu ulioendesha cherehani ukatulia. Aligeuka taratibu, kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege.

"Bado, mume wangu," akasema. "Nilisahau."

Mwalimu akavuta kiti kwa mkono wake mzuri, akaketi kumngoja aondoe sindano kwenye kitambaa.