Mafuta Yaliyogoma Kubanana

Mafuta yalikuwa yamegoma. Bupe alisukuma pampu mpaka bega likamuuma, mshale wa geji ya shinikizo ukapanda mpaka mwisho, na bado mwanga kwenye kidirisha cha chemba yenye sampuli ya mafuta ulikuwa wa kijani.

Kijani maana yake mafuta yamelegea. Kila seli ya kiumbe hai imefunikwa na ngozi nyembamba ya safu mbili za mafuta. Ukiyakandamiza sana, mikia yake hunyooka, yanabanana, na rangi iliyochanganywa humo hutoa mwanga wa bluu. Ndivyo Bupe alivyoandika kwenye tasnifu nzima. Jopo la watahini likataka athibitishe kwa mashine mpya ya maabara ya Gongo la Mboto, na mashine mpya ikamwita mwongo. Utetezi wa tasnifu ulikuwa kesho kutwa.

Akaingia Dokta Zarin, msimamizi wake, mama asiyejua kunong'ona.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Mbona uso wa msibani?"

"Hayabanani. Nadhani nilikosea tangu mwanzo."

"Nadhani, nadhani! Fanya nione."

Bupe akajaza sampuli, akakaza kifuniko, akafunga koki ya bomba linaloingia kwenye chemba, akashika mpini wa pampu.

"Hebu! Koki umeifungia nini?"

"Si usalama, Dokta?"

"Usalama gani? Geji iko huku kwenye pampu. Unakandamiza bomba tu, mafuta hayana habari!"

Bupe akajishika kichwa. Kwao Tukuyu mama yake alimfokea miaka yote: ukimaliza kupika, funga koki ya mtungi wa gesi, utatuunguza! Mkono ulikuwa umezoea kufunga bila kumuuliza mwenyewe.

"Nyumba haikuungua," Zarin akasema, "ila digrii ilishaanza kunuka moshi. Fungua."

Akafungua, akasukuma taratibu. Kijani kikafifia, kikapauka, bluu ikatulia kidirishani. Akalegeza, kijani kikarudi. Akakaza tena, bluu. Akarudia mara nyingine, kwa raha tu.

"Basi, utayachosha."

"Dokta, jana nilimwambia mama narudi nyumbani, masomo yamenishinda."

"Mpigie sasa hivi."

Bupe akapiga. Mama alipopokea, Bupe akaangua kilio. Zarin akamnyang'anya simu.

"Mama Bupe, usishtuke, analia kwa furaha. Mwanao harudi ng'o."